Damu Haipandi Mlima

Inspekta Tryphena Wakesho alifika kwa mjane saa moja na nusu asubuhi, akakuta nzi wamemtangulia. Walikuwa wamejaa kwenye sinia, juu ya mguu wa mbuzi uliochemshwa ukabaki mfupa na nyama kidogo penye goti. Watoto wawili wa marehemu walikuwa wakimalizia supu ya mguu huo kwa mkate. Nthenya, mama yao, alisema yeye alionja kipande kimoja jana kikamkwama kooni, lakini mtu hakatai rambirambi. Mguu ule uliletwa na bodaboda kutoka machimboni pamoja na salamu za Zephaniah, mwenye shimo: mpeni mama watoto pole, hii ndiyo sehemu ya marehemu katika mbuzi wa mlima.

Marehemu ni Maundu, mchimbaji wa vito. Jumanne saa saba mchana alianguka katika shimo la futi thelathini, huko vilimani ng'ambo ya Mwatate, akafa papo hapo. Sasa ilikuwa Alhamisi, na maiti yake ilikuwa bado mochari ya Voi. Aliyekamatwa ni Nzau, mzungushaji wa winchi ya mkono inayowashusha na kuwatoa wachimbaji, na Nzau huyo ni mdogo wake Nthenya, tumbo moja. Taarifa zilisema aliachilia mpini wa winchi Maundu akiwa ndani ya ndoo, karibu kabisa kutoka. Kesho saa tatu angesimama mbele ya hakimu.

"Madam, mmoja sijamzika, na wa pili mnanifungia," Nthenya alimwambia. "Nzau alifundishwa ile kazi na Maundu mwenyewe. Kaangalie kwa macho yako kabla ya kesho."

Wakesho hakuahidi kitu. Alisema angeangalia, kisha akatoka nje haraka, maana kile chumba kilikuwa kinamsonga.

Njiani aliyeshika usukani ni Konstebo Titus, mtu wa Njukini, miaka arobaini na kitambi chake, aliyekuwa na maoni juu ya kila chakula na kila kesi. Maoni yake juu ya kesi hii ni kwamba imekwisha, kwa kuwa mashahidi ni wanne na karatasi ni nne. Wakesho alizisoma zile karatasi gari likirukaruka kwenye barabara ya murram, na kila alivyozidi kusoma ndivyo kinyaa kilivyozidi kumshika. Wachimbaji wanne, wawili kati yao hata kusoma hawajui, walikuwa wamesema maneno yale yale kwa mpangilio ule ule: mpini ulimponyoka Nzau kwa uzembe wake, nasi tuliona kwa macho yetu. Watu wanne wakiona lori limepinduka hapo Voi hawakubaliani hata rangi yake. Hawa walikuwa wamekubaliana mpaka nukta.

Kulikuwa na karatasi ya tano, ya Nzau. Alisema yeye alimtoa Maundu salama, Maundu akakanyaga ukingo kwa miguu yake mwenyewe, ndipo Zephaniah akamtuma yeye Nzau maji chini ya kilima. Aliporudi na mitungi akaambiwa ameua. Hiyo hakuna aliyekuwa ameifuatilia, kwa sababu ilikuwa moja na zile zilikuwa nne.

Shimo lenyewe lilichimbwa ubavuni mwa kilima. Ukingo wake wa juu uliegemea mlima, ukingo wa chini ukatazama bonde. Mdomo wake ulikuwa na upana wa mita mbili na nusu, na winchi ilikaa katikati juu ya magogo, kamba yake imening'inia wima hadi chini. Hewa ya pale ilinuka damu iliyooza, mkojo na majivu. Zephaniah aliwapokea akiwa na kijiti cha meno mdomoni, shati lake limepigwa pasi utadhani yuko harusini. Aliwakaribisha supu iliyobaki. Alisema kifo ni kazi ya Mungu na uzembe ni kazi ya Nzau, na kwamba jioni ile ile ya Jumanne alichinja mbuzi kuutuliza mlima, kwa sababu yeye ni mtu wa kuheshimu mila. Yote hayo aliyasema akichokoa nyama ya mbuzi huyo huyo kwenye magego. Wakesho alichukizwa naye palepale, wala hakujisumbua kuficha uso wake.

Mila aliyoitaja ipo. Shimo likila mtu, wachimbaji wa pande hizo huchinja mbuzi ukingoni na kuiacha damu itiririke mpaka ndani. Nyama huliwa na wote waliokuwepo, na aliyeila hatoi nje neno la shimo. Akilitoa, shimo litamla yeye. Wakesho aliyajua hayo tangu utotoni, maana wajomba zake walichimba. Kwa hiyo hakushangaa kuwaona wale mashahidi wanne wameketi kwa mstari wakitazama vidole vya miguu yao. Mkubwa wao, Mzee Mwandawiro, alimwitikia salamu vizuri, akamuuliza habari za nyumbani, na alipoulizwa habari za Jumanne akafunga mdomo.

Basi Wakesho akawaacha watu, akalihoji shimo.

Alianza na picha za siku ile. Zilimwonyesha Maundu amelala chini kabisa, upande wa mlimani, kichwa kimegusana na ukuta. Titus akateremshwa kwa kamba akinung'unika, akalikuta doa la damu pale pale penye picha. Kutoka chini ya kamba mpaka kwenye doa akapima mita moja na robo. Wakesho akamuuliza kutoka juu anaona nini. Titus akajibu anaona giza na anasikia harufu mbaya.

Kabla ya kuingia polisi, Wakesho alifundisha fizikia mihula minne kule Wundanyi, na ualimu ulikuwa haujamtoka. Titus alipotolewa, alimsimamisha penye ukingo kama mwanafunzi.

"Ndoo ikiachiliwa, nini kinaivuta?"

"Ardhi, Madam. Graviti."

"Ardhi imeigusa?"

"Haijaigusa."

"Sawa. Ardhi huvuta bila kugusa, na huvuta chini tu. Haina habari na upande wa mlima wala upande wa bonde. Ukiona mtu amekwenda kando, kuna kitu kimemgusa kikampeleka."

Zephaniah alicheka kidogo, akasema yeye hakuenda shule nyingi. Wakesho akamwambia asijali, hili halihitaji shule, linahitaji gunia. Wakajaza gunia udongo mpaka likatimia kilo sitini na nane, uzito wa Maundu kwa mujibu wa mochari. Ile ndoo ya Jumanne, ambayo ni pipa la chuma lililokatwa nusu, Wakesho aliifunga kwa utepe iwe kielelezo. Kitu cha kwanza alichoandika kuihusu ni kwamba ilikuwa duara safi, haina hata kibonyeo. Akaagiza nyingine ya aina hiyo kutoka jikoni.

Mara ya kwanza gunia lilitiwa ndani ya ndoo, likapandishwa hadi juu, mpini ukaachiliwa. Lilishuka na kelele ya kutisha, likatua chini ya kamba, pale pale, na ndoo ikapondeka upande mmoja. Wakarudia, ikawa vile vile. Kisha wakaliweka gunia peke yake kwenye ukingo wa chini na kulitelezesha taratibu, kama mtu aliyekosea hatua. Liliparuza ukuta wa karibu na kuangukia chini ya ukuta huo huo. Mwisho Wakesho akamwambia Titus alisimamishe gunia hapo hapo kwenye ukingo wa chini na alisukume kwa mikono miwili. Titus akasukuma. Gunia likavuka shimo huku likishuka, likajibamiza upande wa mlimani, juu ya doa la Maundu.

Wakesho aliandika saa, vipimo, na majina ya wote walioona.

Ndipo akauzunguka ule ukingo wa chini, na nzi wakamwonyesha njia. Palikuwa na dimbwi la damu iliyokauka ikapasuka, imeshikana na manyoya ya mbuzi. Kutoka hapo ardhi iliinama kuelekea bondeni, na damu ilikuwa imefuata mteremko hadi vichakani. Hakuna hata tone lililokuwa limeelekea shimoni. Wakesho alichuchumaa, kitambaa puani, akamuuliza Zephaniah ni nani aliyechinja hapa. Zephaniah akasema ni yeye. Kwa nini upande wa chini? Akasema huku ndiko kulikokuwa na nafasi.

Mzee Mwandawiro akakohoa. Kikohozi kile Wakesho alikielewa vizuri. Mbuzi wa shimo huchinjwa ukingo wa juu, na sababu yake kila mtu pale aliijua hata kama hajawahi kuitamka: damu haipandi mlima. Mtu aliyekulia machimboni, anayejisifu kwa mila, hawezi kuikosea hiyo. Aliyechinja pale hakuwa na haja na shimo. Alikuwa na haja na pale mahali.

Wakesho akatoa kisu chembamba na kuanza kubandua. Tabaka la juu lilikuwa damu na manyoya ya mbuzi. Chini yake palinyunyizwa udongo mkavu. Chini ya udongo palikuwa na damu nyingine, na ndani ya damu hiyo nywele fupi nyeusi, ngumu, za kichwa cha mtu, na kipande cha ngozi kisichozidi kucha. Kumbe Maundu alipigwa hapa, akabaki wima akivuja, ndipo akasukumwa. Halafu mtu huyu akaleta mbuzi, akamwagia damu ya mnyama juu ya damu ya binadamu, akawakalisha wenzake wakala, na mguu akautuma Voi kwa watoto wa marehemu. Wakesho alisogea kando akatema mate, jambo ambalo hakuwahi kulifanya penye kazi kwa miaka kumi na saba.

Alivifunga vile vipande katika mifuko minne na kuiandika. Alijua maabara ingechukua wiki kadhaa, na hakimu wa kesho hangengoja wiki kadhaa.

Zephaniah naye alijua. Alikuwa ameshatupa kile kijiti cha meno, na sauti yake ikawa laini. Alisema anaishukuru serikali kwa kumfumbua macho. Kama marehemu alipigwa na kusukumwa, basi ni dhahiri Nzau ndiye aliyempiga na kumsukuma, maana hapo ukingoni walikuwa wawili tu.

"Na hawa wanne walioona mpini ukiponyoka?" Wakesho akauliza.

"Walichanganyikiwa, Madam. Ni watu wa kijijini."

Watu wa kijijini walisikia wakitukanwa, wakaendelea kutazama vidole vyao. La kuvunda halina ubani, na huyu alikuwa akijipaka ubani wa tatu tangu asubuhi. Lakini Wakesho alitambua kwamba uongo ule mpya ulikuwa na miguu. Gunia lilithibitisha kwamba mkono ulimgusa Maundu. Halikuutaja mkono wa nani. Nzau angeweza kuingia kortini kesho kwa kosa baya kuliko lile la kwanza, na yeye Wakesho ndiye angekuwa amemwandalia ushahidi.

Akarudi kwenye saa. Nzau alichukuliwa na askari saa tisa, hilo limeandikwa. Mbuzi alichinjwa saa ngapi? Saa kumi na moja, Zephaniah akasema, na wale wanne wakaitikia kwa kichwa. Habari za nyama hazikuwa neno la shimo, kwa hiyo walizitoa bila kusitasita. Kichwa na miguu ya mbele vilitiwa kwenye supu. Mbavu zilichomwa. Maini walikula wakubwa. Mguu wa nyuma ukapelekwa Voi.

"Na matumbo?" Titus akauliza.

Wakatazamana. Mmoja wao akasema matumbo hawakula.

"Kwani mlitupa matumbo?" Titus alikuwa ameumia kwelikweli. "Mbuzi mzima, watu wazima watano, mkatupa matumbo?"

Yule mtu akaeleza kwamba Bosi aliyatoa mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie, akaenda nayo nyuma ya hema lake. Aliwaambia ni sehemu ya mlima. Wakesho alimgeukia Mwandawiro, akainamisha kichwa kidogo kwa heshima ya umri.

"Mzee, wewe umechimba miaka mingi. Mlima hula matumbo?"

"Mimi, mwanangu, mlima wa kula matumbo sijausikia," Mwandawiro alisema. Akanyoosha kidevu kuelekea nyuma ya hema, penye udongo uliofukuliwa karibuni.

Titus alichimba amejifunga fulana usoni. Haikuwa mbali, koleo tatu tu, lakini siku mbili za joto la bondeni zilikuwa zimefanya kazi yake, na ule mfuko wa matumbo ulipotoka ulikuwa umevimba, rangi yake ya kijani inayokwenda kwenye bluu. Mmoja wa wachimbaji alikimbia kando, akarudi baadaye. Wakesho alivaa glavu mbili mbili. Tumbo lilikuwa halijafunguliwa kama watu wanavyofungua tumbo ili walioshe. Lilikuwa na mpasuko mmoja mdogo, wa kuingiza vidole viwili. Mahali pazuri pa kuficha kitu. Polisi wangepekua hema, mifuko na magodoro, hakuna ambaye angetia mkono humu. Wakesho alitia mkono. Akapapasa ndani ya majani yaliyosagika, vuguvugu, yanayoteleza, akipumua kwa mdomo na kumlaani Zephaniah kimoyomoyo kwa Kidawida cha kwao na kwa Kiswahili, mpaka akagusa kitu kigumu.

Lilikuwa jiwe la ukubwa wa harage. Alilisuuza kwa maji ya chupa, likawaka wekundu mzito juani.

Alimwonya Zephaniah kwamba lolote atakalosema litaandikwa. Kisha akamwambia polepole, ili wote wasikie, kwamba mbuzi huyu alikufa saa kumi na moja, na saa hiyo Nzau alikuwa na saa mbili mikononi mwa polisi. Mkono uliolitia jiwe hili humu si wa Nzau. Ni wa mtu aliyelitoa tumbo peke yake na kulizika peke yake. Titus akamfunga pingu. Zephaniah hakubisha wala hakulia. Macho yake yalikuwa kwenye jiwe, na hayakuondoka hapo.

Mwandawiro akainuka. Alikwenda mpaka ukingo wa chini, akautazama ule mteremko wa damu kwa muda, akarudi.

"Damu haikuingia shimoni," alisema. "Basi ile haikuwa nyama ya shimo. Tulilishwa nyama tu. Haina kiapo."

Wenzake walimtazama, na mabega yao yakashuka. Mwandawiro akasema yote akiwa wima. Alisema alimwona Maundu akitoka kwenye ndoo salama, amefumba ngumi, akisema maneno fulani kwa Zephaniah. Alimwona Nzau akiteremka na mitungi. Alimwona Zephaniah ameokota mtaimbo. Akaona aibu kutaja kilichofuata, lakini akakitaja. Zile taarifa nne waliandikiwa na Zephaniah baada ya kula, na wakazikariri. Titus aliandika mpaka kalamu ikamwishia wino, akaomba nyingine.

Mzee alipomaliza, aliomba karai la maji na kifuniko cha chupa. Wakesho alimuuliza ni cha nini. Mwandawiro akatoa mfukoni sumaku ndogo, aliyoing'oa kwenye kompyuta mbovu miaka iliyopita, sumaku pekee iliyokuwapo kwenye machimbo yale. Alieleza kwamba wao hupima mawe mekundu hivi. Rubi haijali sumaku. Ganeti huifuata, na ganeti huko vilimani hata watoto huichezea. Bosi hakuweza kuiomba sumaku tangu Jumanne, kwa sababu angeiomba, kila mtu angejua ana jiwe.

Wakesho alifikiri kidogo, akakubali. Aliliweka jiwe kwenye kifuniko yeye mwenyewe, na kifuniko juu ya maji, akangoja yatulie. Mwandawiro aliileta sumaku karibu, upana wa kidole kutoka kwenye jiwe, akaisimamisha hapo bila kugusa chochote.

Kifuniko kilikaa kimya. Kisha kikaanza kwenda. Kiliifuata sumaku taratibu kutoka upande mmoja wa karai hadi mwingine, na mzee alipobadili upande, kikageuka nayo.

"Ganeti," Titus akasema.

Zephaniah alipiga hatua mbele na pingu zake, uso umemvimba. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alionekana mtu aliyedhulumiwa.

"Aliniambia ni rubi," alisema. "Nimempiga na mtaimbo, bado anashikilia ni rubi, anakataa kuifungua ngumi mpaka nimeifungua mwenyewe. Alinidanganya, yule mbwa. Alinidanganya mpaka namsukuma."

Wachimbaji wanne walikuwa wamesimama pale pale, pamoja na Titus. Wakesho alitazama saa yake, akaandika saa nane na dakika kumi, akageuza ukurasa.

"Rudia," alimwambia. "Taratibu, niandike vizuri."

Naye Zephaniah, kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa, akarudia yote tangu mwanzo, na Titus akapanda juu kidogo kutafuta mtandao awapigie simu Voi wamtoe Nzau.